Lugha ya mtoto huanzia mgongoni, si darasani

Kila asubuhi, kabla matatu za Barabara ya Naivasha hazijajaa, utawaona akina mama wa Waithaka wakiharakisha na watoto wachanga mgongoni. Wengi huwafikisha kwa jirani au katika kituo cha kulelea watoto, kisha hushika njia kwenda kazini, na hurejea magharibi wakiwa hoi. Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 humpa mama aliyeajiriwa likizo ya uzazi ya miezi mitatu. Anayeuza mboga sokoni hana hata hiyo. Je, ni nani anayezungumza na mtoto huyu kutwa nzima?

Swali hili si la kupuuzwa. Walimu wa chekechea husikika wakilalamika kwamba hupokea watoto wa miaka minne wasioweza kusimulia walichokula jana. Wengine hulaumu Sheng, wengine hulaumu wingi wa lugha za mtaani. Kwa maoni yetu, lawama hizo zimekosa shabaha. Tatizo halianzii shuleni, wala si wingi wa lugha. Ni uhaba wa mazungumzo.

Inafaa ieleweke kwamba mtoto huanza kusikia sauti ya mamaye angali tumboni, na azaliwapo huitambua. Baada ya miezi miwili au mitatu hutoa sauti laini za kooni. Apatapo miezi saba hivi hurudiarudia silabi: ba-ba-ba, ma-ma-ma. Hapo wazazi hushangilia, kumbe mtoto bado hajamwita mtu. Anauzoeza ulimi wake. Neno la kwanza lenye maana aghalabu huja karibu na mwaka mmoja, na afikapo miaka miwili huwa ameanza kuunganisha maneno mawili. Mwaka wa 1984, Janet Werker na Richard Tees wa Kanada walionyesha kwamba mtoto wa miezi sita hutofautisha hata sauti za lugha ngeni asizopata kuzisikia, lakini uwezo huo hufifia akaribiapo mwaka mmoja, kwa kuwa sikio limekwisha kuzizoea sauti za nyumbani. Kwa hivyo kazi kubwa hufanyika kabla mtoto hajatamka neno hata moja.

Hapa Nairobi tuna ushahidi wetu. Mwanaisimu Kamil Ud Deen aliwachunguza watoto wadogo wanaojifunza Kiswahili cha Nairobi, na mwaka wa 2005 akachapisha kitabu juu ya jambo hilo. Alionyesha kwamba watoto hao mara nyingi huacha viambishi vya nafsi na vya wakati, bali kiishio cha kitenzi hawakiachi. Mahali pa "ninataka", mtoto husema "taka". Asiyejua atacheka. Mwalimu wa lugha yafaa astaajabu, maana hiyo ni dalili kwamba mtoto ameanza kukichambua kitenzi cha Kiswahili bila kitabu wala ubao. Alichokuwa nacho ni watu wanaomsemesha.

Hapo ndipo tunapokosea. Waithaka ni mtaa wa wenyeji Wakikuyu na wapangaji waliotoka pembe zote za nchi. Mtoto angeweza kupata Kikuyu, Kiluhya au Kikamba nyumbani, na Kiswahili uani, bila kuchanganyikiwa, kwani akili ya mtoto humudu lugha mbili au tatu kwa pamoja. Badala yake, baadhi ya wazazi huitupa lugha waijuayo barabara na kumsemesha mtoto kwa Kiingereza cha kubahatisha, wakidhani wanamtengenezea maisha. Matokeo ni maagizo matupu: njoo, keti, nyamaza. Mzazi hawezi kufanya mzaha, kutega kitendawili wala kusimulia hadithi kwa lugha asiyoimudu.

Wapo watakaosema kwamba Kiingereza ndicho chenye ajira. Hatubishi. Lakini Tume ya Gachathi ya mwaka wa 1976 ilipendekeza lugha ya eneo itumike katika madarasa ya chini, na mtaala wa umilisi umeshika njia iyo hiyo. Sababu ni dhahiri: aliyejenga lugha moja imara hupata pa kuegemeza ya pili.

Wala tusijidanganye kwamba televisheni itatufanyia kazi hii. Mwaka wa 2003 Patricia Kuhl na wenzake huko Marekani waliwapa watoto wa miezi tisa Kichina. Waliokisikia kutoka kwa mtu aliyecheza nao walizishika sauti zake. Waliotazama kanda za video hawakupata faida yoyote. Televisheni husema, lakini haimjibu mtoto.

Tufanyeje basi? Katiba ya mwaka wa 2010 imezikabidhi kaunti elimu ya chekechea na vituo vya kulelea watoto. Serikali ya Kaunti ya Nairobi haina budi kuvikagua vituo hivi, si usafi na maziwa tu, bali pia idadi ya watoto kwa kila mlezi, na kama mlezi amefunzwa kuzungumza nao. Walimu nao wasimwadhibu mtoto kwa kusema lugha ya kwao, na katika mikutano ya wazazi waeleze hayo tuliyoyataja. Wanafunzi mlio na wadogo zenu nyumbani, wasimulieni; mnawapa mtaji.

Mzazi naye awe macho. Mtoto asiyeshtuka kwa kelele, aliyefika mwaka mmoja bila kurudiarudia silabi, au aliyetimiza mwaka mmoja na nusu bila neno lolote, apelekwe kliniki akapimwe masikio. Kungoja kwa kusema "atasema tu" kumewapotezea wengi muda wa thamani.

Wahenga walinena kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mama anayerudi magharibi akiwa hoi hatuwezi kumwongezea saa za siku. Lakini akimwogesha mwanawe na azungumze naye, akipika amtajie sufuria na moto, kwa lugha yake mwenyewe. Hilo halihitaji karo.