Kuketi Benchi Si Kutupwa

Mzazi anayemwona mwanawe akiwa kwenye benchi mchezo wa mpira wa kikapu unapoanza huumia moyo, akidhani amedharauliwa. Tulitazame jambo hili kwa utulivu. Kila timu huingiza uwanjani wachezaji watano. Kocha akiwaanzisha wafungaji wake wote pamoja, watachoka pamoja. Wakitoka kupumzika hakuna wa kufunga, na pointi walizochuma huliwa. Ndiyo maana hodari mmoja huwekwa akiba.

Andre Iguodala alikuwa ameanza kila mchezo wa ligi aliocheza tangu alipoingia NBA mwaka 2004. Msimu wa 2014–15, Steve Kerr, kocha mpya wa Golden State Warriors, alimweka kwenye benchi, naye akakubali. Fainali zilipofika, Cleveland wakiongoza kwa michezo 2 kwa 1, Kerr alimwanzisha. Warriors walishinda mitatu mfululizo wakatwaa ubingwa, na Iguodala akatunzwa kuwa mchezaji bora wa fainali hizo.

Basi mwana akirudi nyumbani tusimwulize, "Mbona hukuanza?" Tumwulize timu ilihitaji nini alipoingia, naye aliipa nini.