Kivinjari Kimeondoka, Nywila Zimebaki

Kompyuta nyingi za saiba zetu za Mombasa, kule Likoni, Kisauni na Changamwe, ni mitumba. Zilitumika kwenye ofisi za Ulaya, zikapakiwa kontena, zikateremshwa Kilindini, na fundi akaziongeza RAM na kuzipangusa vumbi. Zilizo kuukuu haziwezi kubeba Windows 11, na Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa utaratibu wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Mwenye saiba asiyetaka kuzitupa anatiliwa Linux Mint au Ubuntu, na kazi inaendelea. Mimi naliunga mkono jambo hilo kwa moyo wote. Kinachonisumbua ni maneno yanayozungushwa kuhusu kuondoa kivinjari kwenye mifumo hii huria, kwa sababu anayeumia maneno hayo yakiaminiwa ni mteja aliyekuja kutafuta cheti cha KRA, mamlaka ya ushuru ya Kenya, na kuondoka akiacha maisha yake yote ndani ya mashine.

“Ukiondoa kivinjari, mfumo mzima unaanguka.” Hofu hii imetoka kwenye Windows, na hata huko ina historia yake. Serikali ya Marekani ilipoishtaki Microsoft mwaka 1998, kampuni ilishikilia kwamba Internet Explorer na Windows havitenganishiki. Edward Felten, mtaalamu wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Princeton, akatengeneza programu ya kukiondoa kivinjari hicho, na video ambayo Microsoft iliileta mahakamani kumpinga ikaonekana ina kasoro. Ilibidi miaka mingi ipite, hadi sheria ya Umoja wa Ulaya kuhusu masoko ya kidijitali ilipoanza kuuma Machi 2024, ndipo watumiaji wa huko wakapewa njia ya kawaida ya kuiondoa Edge, mrithi wa Internet Explorer. Sheria hiyo haimfikii mtu wa Mombasa. Kwenye Ubuntu au Mint hakuna haja ya mahakama: kivinjari ni kifurushi kama vifurushi vingine, unakiondoa na eneokazi linabaki lilivyo.

Hofu hiyo ina chembe ya ukweli, nayo isifichwe. Kwenye Debian yenye eneokazi la GNOME, kifurushi kiitwacho gnome-core kinadai kuwe na angalau kivinjari kimoja. Ukiondoa Firefox bila kuweka kingine, apt, yaani programu inayosimamia vifurushi, inaweza kukiondoa kifurushi hicho pia. Papo hapo hakiharibiki kitu, kwa sababu gnome-core yenyewe ni orodha tu ya majina. Hatari inakuja baadaye, pale fundi mwenye haraka anapoandika apt autoremove na kubonyeza Y bila kusoma, na nusu ya eneokazi ikafagiliwa kama masalia. Weka kivinjari kingine kwanza, kisha usome orodha hadi mwisho kabla ya kukubali.

“Apt purge inamaliza kila kitu.” Hapa ndipo mafundi wengi wanapoteleza, na ndipo ningeomba wasome polepole.

Chukua Ubuntu. Tangu toleo la 22.04, la Aprili 2022, kifurushi cha firefox kilicho kwenye apt ni ganda tupu ambalo kazi yake ni kuita Firefox ya Snap, mfumo mwingine wa vifurushi wa Ubuntu. Fundi anaandika sudo apt purge firefox, maandishi yanapita, anaridhika. Ganda limeondoka, Firefox yenyewe bado ipo. Ataiona akiandika snap list. Amri inayoiondoa ni sudo snap remove --purge firefox, na hilo neno --purge si pambo. Bila hilo, snapd kwa kawaida inaiweka kando nakala ya data ya watumiaji kwa siku 31 kabla ya kuifuta. Andika snap saved uione imekaa pale, ikisubiri kurudishwa kwa amri moja.

Kwenye Mint mambo ni tofauti. Firefox ya huko ni kifurushi cha kawaida cha apt, na purge inaondoa programu pamoja na mipangilio yake ya mfumo mzima. Haigusi hata kidogo folda ya nyumbani ya mtumiaji. Huo ni uamuzi wa makusudi, na ni uamuzi mzuri: kinachosimamia programu za mfumo hakina ruhusa ya kupekua vitu vya mtu. Lakini maana yake ni kwamba kila alichoacha mteja kimebaki.

Fungua folda ya nyumbani na ubonyeze Ctrl na H pamoja. Mafaili yaliyofichwa yatajitokeza, na miongoni mwake, kwa kawaida, utaona folda iitwayo .mozilla. Ingia humo hadi kwenye wasifu wa mtumiaji. Faili la places.sqlite lina historia ya kurasa zote. Cookies.sqlite lina vidakuzi, yaani vile vitambulisho vinavyoifanya tovuti iamini kwamba wewe ndiye yule aliyeingia saa ile. Logins.json lina nywila zilizohifadhiwa, zimefungwa kwa msimbo, na key4.db lililo hapo hapo kando lina ufunguo wa kuzifungulia. Kama hakuna nywila kuu iliyowekwa, na saiba ni nadra kuwekwa, huo ni mlango uliofungwa na ufunguo ukaachwa kwenye kitasa. Anayenakili mafaili hayo mawili kwenye flashi anaweza kuyasoma kwa Firefox yake nyumbani. Tena hahitajiki mwizi: mtu mwingine akiiweka Firefox upya kwenye mashine ile, mara nyingi inaamka na wasifu uleule, kana kwamba haikuwahi kuondoka.

Kwa hiyo baada ya purge zinafutwa kwa mkono folda mbili, .mozilla na .cache/mozilla, kwa kila mtumiaji wa mashine. Ukitumia rm -rf, tazama nafasi kati ya herufi. Nafasi moja ikiingia baada ya alama ya ~/ inatosha kufuta folda nzima ya nyumbani.

“Tukishafuta kwenye mashine, yamekwisha.” Hayajaisha. Mteja wa Mtongwe aliyeingia kwenye akaunti yake ya Google ili achapishe barua ya kazi, kisha akakimbilia feri bila kutoka, ana kikao kinachoendelea upande wa seva. Kuondoa kivinjari hakumtoi kwenye akaunti. Kama vidakuzi vilinakiliwa kabla, aliyevinakili bado anaweza kuwa ndani. Anayeweza kukifunga kikao hicho ni mteja mwenyewe, akiingia kwa simu yake kwenye orodha ya vifaa vya akaunti na kukitoa kile asichokimiliki. Vivyo hivyo kwa aliyewasha ulandanishi wa Firefox: nywila zake ziko kwenye akaunti, na mashine ilikuwa kituo tu.

Halafu kuna folda ya vipakuliwa, ambayo si ya kivinjari kwa jina ila kivinjari ndicho kinachoijaza. Ifungue kwenye mashine yoyote ya saiba iliyofanya kazi mwaka mmoja. Utakuta vyeti vya PIN vya KRA, picha za vitambulisho mbele na nyuma, barua za HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, CV zenye namba za simu na majina ya wadhamini, vyote vya watu wasiojuana. Hakuna amri ya kuondoa kivinjari inayoigusa folda hiyo.

Na kufuta kwenyewe, kwenye diski za zamani za kuzunguka, kunaondoa jina la faili tu. Yaliyomo hubaki hadi yaandikwe juu, na programu ya bure kama PhotoRec inaweza kuyarudisha. Kwenye SSD hata amri ya shred haitegemeki, kwa sababu diski yenyewe ndiyo inayoamua maandishi mapya yaende wapi. Dawa ya kweli ni kuchagua kusimba diski nzima siku mfumo unapowekwa.

“Piga fomati, uweke upya.” Hiki ndicho kidokezo cha kila duka la simu na kompyuta pale stejini. Faili la kuweka Ubuntu 24.04 linazidi gigabaiti 5, na bando hilo analipa mtu. Isitoshe, fomati ya haraka haipanguzi diski, inachora ramani mpya juu ya vitu vilevile. Gharama kubwa, na PhotoRec bado ina la kufanya.

“Mashine itakuwa nyepesi.” Kivinjari kisichofunguliwa hakili RAM. Utapata megabaiti mia kadhaa za diski, basi.

“Bila kivinjari utapata wapi kivinjari?” Apt haihitaji kivinjari kupakua kitu, na duka la programu la Mint au Ubuntu vilevile. Anayetaka Firefox isiyo ya Snap kwenye Ubuntu ana hazina ya apt ya Mozilla wenyewe, iliyofunguliwa kwa toleo la kawaida Januari 2024. Aipe tu kipaumbele kwenye mipangilio ya apt, la sivyo ganda la Ubuntu litamrudishia Snap.

Dai la mwisho ndilo linaloniuma zaidi: “Kwani mteja wa saiba ana siri gani?” Ana iTax ya kulipia kodi, ana eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, ambayo kupitia kwake anaomba pasipoti na cheti cha mwenendo mwema, ana barua pepe inayoweza kutumika kubadilisha nywila za vyote hivyo. Ibara ya 31 ya Katiba inampa haki ya faragha sawasawa na mwenye ofisi ya kioo Nyali. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka taarifa za mtu zisiwekwe kupita muda unaohitajika, na folda ya vipakuliwa ya mwaka mzima haiwezi kutetewa mbele ya kanuni hiyo.

Kwa mwenye saiba, basi, kuondoa kivinjari mara kwa mara ni kazi isiyo na faida, kwa sababu kesho atakihitaji tena. Linux Mint ina kikao cha mgeni. Kwa kawaida kimezimwa. Kinawashwa kwenye mipangilio ya dirisha la kuingilia, sehemu ya watumiaji. Mteja akikaa anaingia kama mgeni, anafanya shughuli zake na kuchapisha. Akitoka kwenye kikao, folda yake ya nyumbani inafutwa yote: wasifu wa Firefox, vidakuzi na vipakuliwa. Sharti ni kumkumbusha mteja kutoka kwenye kikao kabla hajalipa, na mhudumu kuhakikisha ametoka kabla ya kumketisha mwingine.