Msilaumu Nyandarua, angalieni waya

TV ikikwamakwama hapa Othaya, lawama huenda kwa milima ya Nyandarua, halafu pesa kwa busta. Jamani, angalieni kebo kwanza! Fundi akiunga waya wa chumba cha pili kwa kusokota tu, na huko hakuna TV, kipande hicho hurudisha mawimbi. Kwa 500 MHz, sentimita 10 hivi za kebo ya kawaida ni robo ya wimbi: ikiachwa wazi mwishoni, ni kama shoti. Wahandisi hutumia vipande hivyohivyo, vilivyopimwa, kuoanisha ukinzani wa antena na kebo. Tangu tuhamie dijitali 2015, masafa mamoja hubeba stesheni nyingi, kwa hiyo hupotea pamoja. Programu mbovu haiponi kwa kompyuta ya kasi. Wekeni splita. Mwasemaje?