NJIA UNAYOIFUNGA NI HAKI YA NANI?

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Leo nataka tuzungumze jambo ambalo mimbarini husikika mara chache sana: NJIA YA MIGUU. Sizungumzii barabara ya lami. Nazungumzia ile njia nyembamba inayokatiza shambani, ikashuka bondeni mpaka mtoni, aliyoipita babu yako na babu yake kabla yake. Je, njia hiyo ni ya nani?

Swali hili huja mara kwa mara, na huja kwa sura moja: "Shekhe, shamba ni langu, nimelinunua kwa pesa ya halali na hati ninayo. Kwa nini watu wapite katikati? Si niweke seng'enge yakaisha?"

Ndugu yangu, kabla sijakujibu, twende mbali kidogo. Twende Uingereza.

Upande wa mashariki wa nchi ile, kwenye majimbo kama Suffolk, Essex na Cambridgeshire, ardhi ni tambarare. Mashamba ya ngano na shayiri yamelala mpaka upeo wa macho, na mito inapita taratibu kwenye mabonde yasiyo na miteremko mikali. Kuna njia inayofuata bonde la mto Stour, kutoka karibu na mji wa Newmarket hadi Cattawade, urefu wake kama kilomita 96. Kuna nyingine inatoka Cambridge kufuata mto Cam na mto Great Ouse hadi King's Lynn, karibu kilomita 80. Mtu anatembea kwa miguu, anapita kwenye kingo za mashamba, anavuka kijito kwa kidaraja cha mbao, anafungua lango, anapita, analifunga nyuma yake.

Sasa sikiliza vizuri. Sehemu kubwa ya mashamba hayo SI ya serikali. Ni ya watu binafsi, wenye hati kama wewe. Lakini pale njia ya umma inapopita, mpitaji haombi ruhusa wala halipi. Kibao chenye mshale wa manjano kinamwambia: hapa ni njia ya waendao kwa miguu. Mshale ukiwa wa buluu, na mwenye farasi anaruhusiwa. England na Wales zina zaidi ya kilomita 200,000 za njia za namna hii.

Huenda ukasema: "Wale wana ardhi ya kuchezea." Hapana. Mkulima wa kule anahesabu kila hatua ya shamba lake kama wewe. Tofauti ni kwamba haki ya mpitaji imeandikwa, na imewekewa vipimo.

KWANZA: Sheria ya mwaka 1949 iliziagiza halmashauri zichore ramani za njia hizi. Njia ikishaingia kwenye ramani hiyo rasmi, hakuna mnunuzi anayeweza kusema hakuiona. Shamba linauzwa, njia inabaki.

PILI: Mkulima anaruhusiwa kulima njia inayokatiza katikati ya shamba pale ambapo hana namna nyingine, lakini lazima airudishe. Kwa kulima kwa mara ya kwanza msimu ule, ana siku 14. Kwa kazi nyingine zinazofuata, saa 24. Njia ya miguu katikati ya shamba isipungue mita 1 kwa upana, na ile ya ukingoni isipungue mita 1.5. Hiyo ya ukingoni haruhusiwi kuilima kabisa.

TATU: Watu wakiipita njia kwa miaka 20 mfululizo, waziwazi, bila kuzuiwa na bila kuomba ruhusa, sheria ya mwaka 1980 inaichukulia kuwa mwenye ardhi ameitoa kwa umma, isipokuwa aonyeshe kwamba hakuwa na nia hiyo.

Wala usidhani haki hizi ziliwashukia kama mvua. Mwaka 1932 mamia ya watu, wengi wao vijana wafanyakazi, walipanda kwa makusudi mlima Kinder Scout uliokuwa umefungwa kwa ajili ya uwindaji wa matajiri. Vijana watano wakahukumiwa jela. Na hadi leo wapo wenye mashamba wanaoacha njia zizibwe na mazao, na halmashauri zinazochelewa kuwafuata. Siwasifu kupita kiasi. Nasema tu: wameandika, na aliyeonewa ana pa kushika.

Sasa turudi kwetu, sisi umma wa Muhammad (S.A.W.).

Hivi ni nani aliyefundishwa haki ya njia kabla yetu? Katika hadithi sahihi, Mtume (S.A.W.) ametueleza kuwa imani ina matawi mengi, na la chini yake kabisa ni kuondoa kero njiani. Ametusimulia habari ya mtu aliyekuta tawi la miba njiani akaliondoa, Allah akamshukuru kwa tendo hilo na kumsamehe. Tawi moja tu la miba! Sasa jiulize ndugu yangu: ikiwa aliyeondoa mwiba mmoja amepata msamaha, aliyefunga njia nzima kwa seng'enge ya miba anatarajia nini?

Na si mawaidha matupu. Vipimo pia tunavyo. Imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba watu wakigombana kuhusu upana wa njia, Mtume (S.A.W.) alihukumu iwe dhiraa saba. Hiyo ni kama mita tatu na kidogo. Miaka zaidi ya 1,300 kabla ya bunge la Uingereza kutaja mita moja na nusu!

Wanazuoni wetu wa fiqhi nao wakaifafanua haki ya kupita kuwa ni haki kamili, inayoweza kukaa juu ya ardhi ya mtu mwingine, sawa na haki ya kupitisha maji. Na katika Majalla, ile sheria iliyokusanywa na dola ya Waothmaniya kuanzia mwaka 1869, miongoni mwa kanuni za mwanzo kabisa ni kwamba jambo la tangu zamani huachwa kama lilivyokuwa, na kanuni inayofuata inaongeza kuwa ukongwe hauhalalishi madhara. Njia ya tangu zamani isiyomdhuru mtu, basi, huachwa.

Hapo ndipo jibu lako lilipo, mwenye hati. Hati inakupa ardhi. Haikupi haki ya jirani iliyokuwepo kabla hujaja. Uliponunua shamba, ulilinunua na njia yake. Na unalijua onyo la Mtume (S.A.W.) kwa mwenye kuchukua shibri moja ya ardhi kwa dhulma, kwamba siku ya Kiyama atavikwa shingoni kutoka ardhi saba. Njia ya watu ina shibri ngapi?

Tazama matokeo yake huko mitaani na vijijini kwetu. Njia ya mtoni ikifungwa, mama mwenye ndoo kichwani anazunguka mwendo mrefu. Maji umemwachia, lakini njia ya kuyafikia umemfungia. Haki gani hiyo? Mtume (S.A.W.) ameyataja maji kuwa ni miongoni mwa vitu wanavyoshirikiana watu. Njia ya shule ikifungwa, mtoto anapita ukingoni mwa barabara kuu penye malori. Njia ya makaburini ikifungwa, jeneza linageuzwa njiani na waliolibeba wanatazamana. Na Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Lakini nenda ukaone uzio umefika wapi. Umeingia mpaka majini!

Najua, nawe mwenye shamba una malalamiko yako. Watu wanapanua njia kila mvua ikinyesha, wanachuma mahindi, wanaacha ng'ombe waingie. Hilo nalo ni dhulma, na sitalifunika. Haki ya kupita ni ya KUPITA. Haikupi haki ya kuchuma, kukata kuni wala kulisha mifugo kwenye mazao ya mtu. Ewe mpitaji, ukikuta lango limefungwa, lifunge ukishapita. Shika mstari wa njia hata kama kuna tope. Usimfanye mwenye shamba ajute kwa wema wake.

Basi tufanye nini? Nashauri mambo matatu.

1. Kabla hujanunua shamba, litembee lote kwa miguu. Ukiona njia imekanyagwa ikang'aa, waulize wazee: wanaopita ni nani, wanakwenda wapi, tangu lini? Usimsikilize dalali peke yake.

2. Ikiwa njia inakuharibia kazi, usiifunge. IHAMISHE kwa maelewano. Hata Uingereza mkulima anaweza kuiomba halmashauri njia ihamishwe, lakini inabaki wazi mpaka utaratibu ukamilike. Kaa na majirani na serikali ya kijiji, toa njia ya ukingoni iliyo sawa na ile ya kwanza, panda miti ya mpaka, kisha andikeni na mweke sahihi. Sulhu ina kheri.

3. Ikiwa unampitisha jirani kwa hisani tu, mahali ambapo hapakuwa na njia, liweke wazi jambo hilo tangu mwanzo, kwa maandishi. Utamlinda yeye, na utawalinda watoto wako na ugomvi wa kesho.

Mwisho nakuambia hivi. Wewe utakufa, na shamba litagawanywa mirathi. Huenda wanao wakaliuza kabla arobaini haijafika. Lakini njia uliyoiacha wazi, kila mama atakayeipita na ndoo yake, kila mtoto atakayewahi shule, kila jeneza litakalofika kaburini bila kuzuiwa, tunatarajia kwa Allah kuwa utaandikiwa ukiwa umelala kaburini. Na uliyoifunga nayo ina hesabu yake. Chagua mwenyewe, madamu ufunguo wa lango bado uko mkononi mwako.

Allah atujaalie tuwe wenye kuondoa miba njiani, na asitujaalie kuwa wenye kuipanda. Aamin.

Mfikishie na mwenzako mwenye shamba.

Wabillahi tawfiq.