WATU NA KAZI ZAO: Mwalimu wa Warushaji

Besiboli ni mchezo ambao wengi katika sehemu hizi za Afrika huusikia kwa jina tu, ijapokuwa watoto wa Lugazi, nchini Uganda, walikwenda Williamsport, Marekani, mwaka 2012, wakawa timu ya kwanza ya Afrika kucheza katika mashindano ya dunia ya watoto. Kiini cha mchezo huo ni watu wawili. Mmoja husimama juu ya tuta la udongo lenye kimo cha sentimita 25 na kuurusha mpira. Mwingine, aliye umbali wa mita 18 na ushei, hungoja na gongo mkononi ajaribu kuupiga. Mpira una uzito wa gramu zipatazo 145, na ukitoka katika mkono wa mrushaji hodari humfikia mpigaji kabla nusu ya sekunde haijatimia. Mrushaji husifiwa na kulipwa. Aliyemfundisha namna ya kukanyaga, kugeuza kiuno na kuachia vidole hukaa pembeni, na watazamaji wengi hawamjui hata kwa sura.

Mwalimu wa namna hiyo ni Wes Johnson, mzaliwa wa jimbo la Arkansas. Hakupata kucheza besiboli ya kulipwa. Alianza kwa kufundisha wanafunzi wa sekondari jimboni kwake, kazi isiyo na fahari wala fedha nyingi, kisha akapanda hatua kwa hatua hadi vyuoni. Mwaka 2012 alijiunga na Chuo Kikuu cha Dallas Baptist huko Texas. Mwaka 2016 akawa Mississippi State. Mwaka 2017 akarudi nyumbani kufundisha warushaji wa Chuo Kikuu cha Arkansas. Wake wa askari wanajua maana ya orodha kama hiyo. Kila uhamisho ni masanduku kufungwa upya, watoto kutafutiwa shule, na majirani wapya kuzoewa.

Sifa yake ilitokana na kuutazama mwili wa mrushaji kama fundi anavyoitazama mashine. Alishikilia kwamba nguvu ya kurusha haianzi begani, bali huanzia ardhini, ikapita miguuni na kiunoni ndipo ifike mkononi. Alitumia kamera zinazopunguza mwendo wa picha, na vyombo vya kupimia mwendo wa mpira. Hapa askari wa usalama barabarani wana haki ya kujivuna kidogo, kwa kuwa chombo hicho kilitoka mikononi mwa wenzao. Mwaka 1974 Danny Litwhiler, mwalimu wa besiboli wa Chuo Kikuu cha Michigan State, alipata habari kwamba polisi wa chuo wana rada ya kukamatia madereva wanaokwenda mbio. Akawaomba waielekeze kwa warushaji wake. Tangu hapo rada imekuwa haikosekani kiwanjani.

Lakini mwendo mkali una gharama yake. Ndani ya kiwiko mna mshipa mgumu unaoshikamanisha mifupa, nao kwa mrushaji huvutwa kwa nguvu kila arushapo, siku baada ya siku, mpaka pengine ukatike. Zamani aliyekatika mshipa huo alihesabiwa amekwisha. Mwaka huo huo wa 1974 daktari Frank Jobe alichukua mshipa kutoka mkono wa kulia wa mrushaji Tommy John na kuupandikiza katika kiwiko chake cha kushoto. Mtu huyo alirudi uwanjani mwaka 1976 na kuendelea kurusha hadi 1989. Tangu hapo upasuaji umewaokoa wengi, ila unamtaka mgonjwa akae nje mwaka mzima au zaidi. Kwa hiyo mwalimu wa warushaji hubeba mzigo wa namna mbili. Hutakiwa amfanye kijana arushe kwa nguvu zaidi, na papo hapo hutakiwa amrudishe kwa wazazi wake akiwa na mkono mzima.

Mwezi Juni 2018 Johnson alionja uchungu ambao hakuna mazoezi yanayoweza kuukinga. Arkansas walikuwa katika fainali ya vyuo mjini Omaha dhidi ya Oregon State, fainali ya michezo mitatu, na mchezo wa kwanza walikuwa wameshinda. Katika wa pili walikuwa wakiongoza 3 kwa 2. Alibaki mpinzani mmoja tu wa kutolewa ili kombe liwe lao. Mrushaji alitimiza kazi yake, na mpigaji akaupaisha mpira juu kabisa pembeni mwa uwanja, mpira wa kudakwa na mtoto. Wachezaji watatu waliukimbilia, kila mmoja akadhani mwenzake ataudaka, ukaanguka katikati yao. Mpigaji alipopata nafasi nyingine akasawazisha, na aliyemfuata, Trevor Larnach, akaupiga ukatoka nje ya uwanja. Arkansas wakapoteza mchezo huo, na uliofuata pia.

Miezi michache baadaye, Novemba 2018, Johnson aliitwa na Minnesota Twins, timu ya ligi kuu ya kulipwa. Kumtoa mtu chuoni moja kwa moja na kumweka juu ya warushaji wa ligi kuu lilikuwa jambo lisilozoeleka hata kidogo. Katika mwaka wake wa kwanza, 2019, timu ilishinda michezo 101. Na kama ilivyo dunia, kijana Larnach naye alisajiliwa na Twins, akaanza kucheza ligi kuu mwaka 2021 katika timu ile ile ya mwalimu aliyemlia kombe.

Yaliyotokea mwishoni mwa Juni 2022 ndiyo yanayobishaniwa mpaka leo. Twins walikuwa wakiongoza kundi lao, msimu umefika katikati, ikatangazwa kwamba mwalimu wa warushaji anaacha kazi kwenda Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana. Alimaliza michezo ya mjini Cleveland, akaondoka. Timu ilimaliza msimu ikiwa ya tatu. Ziko sababu za kumtetea: ligi kuu ina michezo 162 kwa msimu, nusu yake ugenini, na baba wa familia huwaona watoto wake kwa kuiba siku, tena chuo kilimwahidi mshahara mkubwa zaidi. Hata hivyo, kwa mtu aliyezoea nidhamu ya kikosi, ni vigumu kulisifu tendo la kuwaacha wenzako vita vikiwa katikati, hata kama mkataba wakuruhusu.

Huko Louisiana alimkuta Paul Skenes, kijana aliyetoka Chuo cha Jeshi la Anga cha Marekani. Sheria ya chuo kile ni kwamba mwanafunzi anayeanza mwaka wa tatu hufungwa na wajibu wa kulitumikia jeshi. Skenes alihama baada ya mwaka wa pili, kabla kifungo hicho hakijamshika. Mwalimu na mwanafunzi walikuwa, basi, watu wawili walioacha nafasi za heshima ili wakutane. Katika msimu wa 2023 mipira ya kijana huyo mara nyingi ilizidi kilomita 160 kwa saa, akawatoa wapigaji 209 kwa mipira waliyoshindwa kuigusa.

Mwanzoni mwa Juni 2023 Chuo Kikuu cha Georgia kilimteua Johnson kuwa mwalimu mkuu. Safari hii hakuondoka. Alibaki na vijana wake mpaka Omaha. Tarehe 22 Juni Skenes alirusha kwa vipindi vinane bila kufungwa, na Louisiana wakaingia fainali. Tarehe 26, siku ya mchezo wa kuamua dhidi ya Florida, maelfu walitamani kumwona tena juu ya tuta. Hakupandishwa. Mkono ulikuwa umefanya kazi kubwa siku nne zilizopita, nao uliachwa upumzike. Wengine wakarusha, na Louisiana wakashinda 18 kwa 4. Wiki mbili baadaye kijana alichaguliwa wa kwanza nchini kote kuingia ligi ya kulipwa, na mwaka 2025 akapewa tuzo ya Cy Young, anayopewa mrushaji bora.

Johnson alikwenda Georgia, ambako sasa hakuwa na warushaji peke yao bali timu nzima. Katika msimu wake wa kwanza, 2024, aliifikisha miongoni mwa timu 16 za mwisho.