Kimondo hakianguki kwa ajili ya mtu

Wapo miongoni mwetu, wenye kuswali swala tano na kufunga Ramadhani, ambao wakiona kimondo kikikatiza mbingu usiku huingiwa na hofu. Mmoja husema mkubwa fulani anakufa. Mwingine husema ametumiwa kitu, na kukipambazuka yuko kwa mpiga ramli akitafuta jina la mbaya wake. Nchi hii ya Usukumani inajua vizuri jina hilo likishatajwa huishia wapi. Mara nyingi huishia mlangoni kwa kikongwe mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni.

Imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa ameketi usiku na masahaba zake, kikarushwa kimondo kikaangaza. Akawauliza walikuwa wakisema nini zama za ujahiliya wakionapo kitu kama hicho. Wakajibu kuwa walikuwa wakisema: usiku huu amezaliwa mtu mkubwa, au amekufa. Akawabainishia kuwa vimondo havirushwi kwa kufa wala kuzaliwa kwa mtu yeyote. Na tuzingatie, ndugu Waislamu, kwamba hakuwaamuru wafumbe macho. Kutazama kulibaki, kilichorekebishwa ni kauli.

Pamoja na hayo watu walirejea kule kule. Oktoba 902, alipofariki vitani huko Italia Ibrahim bin Ahmad, mtawala wa Kiaghlabi wa Afrika Kaskazini, nyota zilionekana zikimwagika, nao wakayaunganisha mambo hayo mawili. Kisha mwaka 599 Hijria, yaani Oktoba 1202, wanahistoria wetu wakaandika kuwa mwishoni mwa Muharram nyota ziliruka huku na huko mfano wa nzige. Zikaonekana tena Marekani Novemba 1833, na tena mwaka 1966. Wanafalaki wamethibitisha kuwa asili yake ni moja: vumbi la nyota yenye mkia iitwayo Tempel-Tuttle, ambayo hulizunguka jua kwa takriban miaka 33. Dunia ikipita katika vumbi hilo, punje ndogo kama mchanga huingia kwa kasi ya kilomita 70 hivi kwa sekunde, zikaungua zingali juu kiasi cha kilomita 100. Mfalme alikufa mara moja. Vumbi limeendelea kurudi.

Atauliza muulizaji: mbona Qur'ani, katika Surat As-Saffat na Al-Jinn, imetaja vimondo kuwa vya kuwafukuzia mashetani? Tunaamini hivyo bila shaka. Hiyo ni habari ya ghaibu kutoka kwa Mwenye ghaibu, wala haimpi mganga hata herufi moja.

Kwa rai yangu, kukemea mimbarini peke yake hakutoshi. Inapasa kutoka nje na kuhesabu. Katika hili wavuvi wa dagaa wametutangulia, kwani kazi yao ni usiku wa giza; mbalamwezi ikiwaka, dagaa hawaifuati taa. Hata usiku wa kawaida, penye giza, huonekana vimondo kadhaa kila saa. Lau kila kimoja kingekuwa maiti, ziwani asingebaki wa kuvuta nyavu.

Usiku ulio bora ni ule wa tarehe 13 kuamkia 14 Desemba, ambapo penye giza totoro huhesabiwa makumi kwa saa. Tarehe 21 Oktoba na 17 Novemba navyo huongezeka, ingawa kwa uchache. Vile vya Desemba hutokea upande wa kaskazini, na kwa sisi wa Usagara huko ndiko uliko mwanga wa jiji la Mwanza. Basi tusogee mbali na barabara na taa zake. Mawingu ya vuli hayana ahadi, usiku mmoja ukiharibika utafutwe wa pili. Saa nane ndiyo saa yake, nao wenye kuamka kwa tahajudi hawana udhuru.

Walimu wa madrasa tuwatoe wanafunzi pamoja na wazazi wao. Utandikwe mkeka, simu zizimwe, macho yapewe nusu saa kulizoea giza, kisha kila mmoja aandike katika daftari saa na upande alikoona. (Huenda kijana aliyezoea kuitazama mbingu akatufaa pia siku ya kuandama mwezi, hali zetu siku hiyo twazijua.) Asubuhi idadi isomwe mbele ya wote, waulizwe ni wangapi waliofiwa kijijini usiku ule. Na bibi wa nyumba asiachwe ndani. Aitwe, akae mkekani kati ya wajukuu wake, naye ahesabu.