Kompyuta Isiende Jaani Kabla ya Fundi

Afisi au skuli ikipakwa rangi mpya hapa Gombani, Pemba, nenda nyuma ya jengo ukatazame. Utaikuta kompyuta ya mezani imelala ubavu, kibodi iliyofutika herufi, printa iliyoachwa mdomo wazi na TV ya chogo imeelekezwa ukutani. Zitanyeshewa kwanza. Kisha watakuja vijana wa chuma chakavu, wavunje wanachokitaka. Kinachobaki kinapakiwa kwenye gari la taka kwenda jaani pamoja na maganda ya ndizi.

Mpango huu ni mbovu, na kuubadilisha si kazi kubwa. Kifaa chochote cha umeme kinachotupwa na taasisi ya umma kipite kwanza mikononi mwa fundi.

Chukua hiyo kompyuta ya mezani. Fundi akiifungua atakutana na vumbi lililogandana kwa unyevu wa bahari, kutu kwenye skrubu, na mara nyingine maganda ya mayai ya mjusi. Akishapuliza, anatazama kapasita, vile vikopo vidogo vilivyosimama kando ya prosesa. Kapasita nzima ina kichwa bapa. Iliyokufa imevimba kichwa, na pengine imetoa uji wa kahawia. Kompyuta nyingi za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilitoka kiwandani na kapasita mbovu, hata kampuni ya Dell mwaka 2005 ikalazimika kutenga dola milioni 300 kwa ajili ya kurekebisha mashine ilizokwisha kuuza. Mashine za umri huo zilifika kwetu pia ndani ya makontena ya mtumba. Ofisa anayeiandikia “mbovu, itupwe” hajui kwamba imekufa kwa ugonjwa wa shilingi mia kadhaa. Kapasita ya kubadilisha fundi anayo tayari, ndani ya kompyuta nyingine iliyokufa chini ya meza yake. Dakika ishirini za kulehemu, na mashine inaandika barua.

Si kila moja itafufuka. Kabla ya waya wa baharini kutoka Tanga kuwashwa mwaka 2010, Pemba iliishi kwa majenereta ya Wesha, na kila mwenye friji anakumbuka umeme ulivyokuwa ukipanda na kushuka. Vifaa vilivyoungua siku zile viliungua kwelikweli. Lakini hata maiti ya kompyuta ina feni, ina pawasaplai, ina skrubu na waya, na fundi wa Chake Chake anayeagiza spea Unguja au Dar es Salaam hulipa nauli ya boti juu ya bei ya kifaa chenyewe.

Tunajua kinachosemwa: hao vijana wa chuma chakavu tayari wanafanya kazi hiyo, waachwe wale. Hatuna ugomvi na riziki ya mtu. Tatizo ni wanachokiacha nyuma. Katika TV ya chogo wanataka shaba iliyozungushwa kwenye shingo ya kioo. Njia ya haraka ni kuipiga shingo jiwe. Shaba inatoka, na kile kioo kizito, ambacho kimechanganywa na madini ya risasi ili kuzuia mionzi, kinabaki vipande vipande kwenye udongo, pamoja na unga mweupe uliokuwa ndani ya skrini. Nyaya nazo huchomwa moto ili ganda la plastiki liungue. Moshi wake mweusi una sumu ya dioksini, na anayeuvuta wa kwanza ni mtoto aliyeinama kukoleza moto. Kisiwa chetu kinakunywa maji ya visima. Risasi ikishaingia ardhini haina boti ya kuondokea.

Hili la boti ndilo kiini cha mambo. Makontena na majahazi yanashusha TV, friji, redio na kompyuta Mkoani na Wete. Kinachopakiwa kurudi ni karafuu. Hakuna anayepakia TV mbovu. Kwa hiyo kila kilichoingia Pemba tangu redio ya kwanza, kama hakijaungua au kuozea kwenye mchanga, bado kimo humu humu.

Wala hatuko peke yetu. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotoka 2024 inasema dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za elektroniki mwaka 2022, na zilizokusanywa na kurejelezwa kwa utaratibu hazikufika hata robo. Afrika hatukufikia asilimia moja. Lakini Nairobi wana kituo chao cha kuvunja na kuchambua vifaa hivi, na Rwanda wamejenga kiwanda Bugesera. Pemba haihitaji kiwanda. Inahitaji mahali pa kukusanyia, na nafasi kwenye meli.

Kuna jambo jingine ambalo wakuu wa taasisi hawalifikirii kabisa, nalo ni diski. Mwaka 2009 wanafunzi wa uandishi wa habari kutoka Canada walinunua diski ya mtumba nchini Ghana kwa dola 40. Walipoifungua walikuta nyaraka za mikataba ya kampuni ya silaha ya Marekani, Northrop Grumman, na Serikali yake. Ikiwa kampuni ya silaha inasahau kufuta diski, je, afisi yetu ya mishahara? Kompyuta inayolala nyuma ya jengo la umma huenda ina majina, namba za vitambulisho, matokeo ya mitihani, hata mafaili ya wagonjwa. Kuitupa bila kuifuta ni sawa na kumwaga kabati la mafaili barabarani, tofauti ni kwamba karatasi mtu angeziokota.

Na vipo vichache ambavyo havifai kutengenezwa wala kuvunjwa, bali kuhifadhiwa. Mwaka 2015 mama mmoja alipeleka masanduku ya vitu chakavu kwenye kituo cha kurejeleza taka California akaondoka zake. Ndani mlikuwa na Apple I, kompyuta ya mwaka 1976, na kituo kikaiuza dola laki mbili. Msomaji asiende kupekua jaa la Gombani usiku kwa tamaa hiyo. Kwetu hakuna Apple I. Ila tuna historia ambayo wenzetu hawana. Mwaka 1974 Tanzania Bara ilipiga marufuku kuingiza kompyuta na televisheni. Zanzibar miaka hiyo hiyo ilikuwa ikirusha televisheni ya rangi, ya mwanzo Afrika kusini mwa Sahara, na Bara ikasubiri hadi 1994. Televisheni ya zama hizo, au kompyuta ya kwanza kuwekwa katika afisi ya karafuu, ni kumbukumbu ya nchi. Makumbusho ya Chake Chake yamo ndani ya ngome kongwe na hayakosi pembe ya kuwekea rafu moja.

Sheria haijalala yote. Mazingira si jambo la Muungano, kwa hiyo kanuni za Bara za mwaka 2021 kuhusu taka za elektroniki hazitusaidii huku; sisi tuna sheria yetu ya 2015 iliyounda Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira, ZEMA. Mamlaka hiyo imeshaonesha kwenye mifuko ya plastiki kwamba ikitaka kukagua bandarini inakagua. Tangu Januari 1, 2025 Mkataba wa Basel wa taka hatari nao unataka nchi inayopokea itoe idhini kabla ya taka yoyote ya elektroniki kuvuka mpaka. Wajanja watazidi kuandika “vifaa vilivyotumika” kwenye karatasi zao. Dawa yake ni soketi moja ya umeme pale bandarini: chomeka, kisipowaka kirudi kilikotoka.

Hatutaki mtumba upigwe marufuku. Nusu ya nyumba za mji huu zisingekuwa na TV. Tunachotaka ni muingizaji alipe ada ndogo kwa kila kifaa, ijulikane ni ya nini, na ifike kunakohusika badala ya kuyeyukia njiani.

Baraza la Mji Chake Chake litapanga bajeti yake kabla ya Julai. Tunaomba liandike humo chumba kimoja chenye paa lisilovuja hapa Gombani, fundi mmoja wa kulipwa na daftari la kupokelea. Maofisa wa taasisi wapewe agizo la maandishi kwamba hakuna kifaa kitakachofutwa kwenye orodha ya mali bila saini ya fundi huyo na bila diski kufutwa mbele yake. Vijana wa chuma chakavu walipwe kwa kilo wakileta TV nzima, bei ipite ile ya shaba peke yake, ili shingo isivunjwe. Vizima vipelekwe skuli. Vibovu visubiri meli ya kwenda Dar es Salaam, na gharama ya kuvipakia itoke kwenye ada ya bandarini.